Ruhusa ya Mtoto wa Akoth

Sista Topista, muuguzi, alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji, na hicho kidogo alikijua kwa woga, tangu enzi ambazo mtu akikisema mlangoni kwako, bunduki anayo. Lakini Koplo Otiende, mtu wa Tororo, hakujua Kisoga cha Topista. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka 1996, katika hospitali moja ya Jinja, ilibidi Sista amwambie kwa lugha hiyohiyo.

Mtoto wa Otiende alikuwa na siku tatu, na moyo wake haukuumbika sawasawa. Daktari Norman alikwisha sema wasimchome tena sindano, wamwache aende kwa amani. Topista akatafuta neno, akalikwepa lile la kufa kama alivyolikwepa miaka kumi na mitano ya kazi.

"Afande, mutoto tumemupa ruhusa."

"Siku ngapi, Sista?"

"Chache tu."

Otiende akapiga saluti. Kwa askari, ruhusa ni kwenda nyumbani. Akadandia boda mpaka kwake Bugembe, na Topista, masikini, akadhani mwanamume kaenda kulia mahali asipoonekana. Akashukuru hata.

Akoth, mama wa mtoto, alilazwa wodi ya pili, na hakuwa amemshika mwanawe hata mara moja. Ndivyo Topista alivyofundishwa kazi kule Mbale: mtoto asiyepona huwekwa peke yake, mama asije akamzoea. Aliamini hiyo ni huruma. Aliwafundisha hivyo wauguzi wengi, nao wakaamini.

Saa sita Otiende akarudi, yunifomu imepigwa pasi, blanketi jipya la njano kwapani.

"Gari ya kambi iko nje," akasema. "Nimekuja kuchukua mtu yangu."

Topista angeweza kudanganya tena, kwamba fomu haijapigwa muhuri, kwamba daktari hayupo. Lakini mtoto alikuwa bado anapumua, kwa mbali. Akamkalisha Otiende kwenye benchi.

"Anakufa, Afande. Leo. Mimi nilisema vibaya."

Otiende hakufoka. Alilikunjua blanketi lake, akalikunja tena.

"Mama yake anajua?"

Hakujua. Topista akamtoa mtoto mpira wa puani, akamfunga blanketi lile, akambeba mwenyewe kupita wodi nzima huku wenzake wakimtazama kama kichaa. Akamlaza kifuani mwa Akoth, akamwambia ukweli wote. Kisha akavuta kiti, akakaa. Hakuwahi kukaa na mtoto anayekufa kabla ya siku hiyo.

Akoth alimshika mtoto kidole kimoja kimoja. Akamnusa kichwani. Akamwita jina la babu yake, na Otiende akalirudia polepole. Saa tisa mtoto akatulia.

Topista alitaka kusema pole, ila Akoth alimtangulia, bila kupaza sauti.

"Sista, mtoto ameishi siku tatu. Mimi umenipa masaa matatu."