Udongo Mbichi

Sepetu ilipogonga mbao, Manthos aliacha kuimba.

Mbao haikupaswa kulia. Baada ya miaka mitatu jeneza huwa limekwisha, limegeuka unga pamoja na udongo, na sepetu hupita kimya mpaka ikutane na mfupa. Kila mwanamke aliyesimama pale makaburini alilijua hilo. Manthos aligonga tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka ifunguliwe. Mbao ikamjibu.

Asimina alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa kaburi, chupa ya divai kuliani kwake, foronya nyeupe kushotoni. Foronya aliifua mara tatu, akaipiga pasi, akaikunja kona kwa kona kama anavyozikunja za wageni. Humo ndimo angemtia mwanawe Argyris: kwanza fuvu, kisha mikono, kisha mbavu, kila mfupa umeoshwa kwa divai na kuanikwa juani. Makaburi ya Agrapidia, kijiji cha kisiwani, ni madogo, yamebanwa kati ya kanisa na mlima. Mfu hupewa miaka mitatu, kisha humpisha mwenzake na kwenda kukaa kwenye sanduku, katika chumba cha mifupa nyuma ya altare.

"Mbona udongo ni mbichi hivi?" Manthos aliuliza kutoka shimoni. "Mwezi wa sita huu! Saa hizi nilitakiwa niwe napiga chafya kwa vumbi. Hebu ona viatu vyangu, shangazi, utadhani nimetoka kukanyaga zabibu."

"Chimba, wewe," alisema Diamanto. "Hukuitwa kuhubiri. Kasisi yupo."

Diamanto alikuwa wifi yake Asimina, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa kifua kipana na ulimi usiolala. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi pekee. Miaka mitano iliyopita alikuwa ameketi jikoni kwa Asimina akimenya maharage, Argyris alipoingia na kusema ameuza shamba. Mizeituni sitini ya babu wa babu, juu kabisa ya ufuko, kwa watu wa ng'ambo waliotaka kujenga jumba la kukodishia wageni wa likizo. Yeye angenunua viti na miavuli ya kupanga mchangani, na pikipiki.

"Mafuta hayatulishi tena, mama," alisema, huku akicheka. "Siku hizi kinacholisha watu ni jua. Na sisi tuuze jua."

Asimina alikuwa na mwiko mkononi, akikoroga sabuni kwenye sufuria kubwa, sabuni ya mafuta ya mizeituni ileile. Mbele ya wifi yake akatamka neno ambalo mama wa kisiwa kile halitamki hata kwa mbwa.

"Udongo usikule!"

Mtoto aliyelaaniwa hivyo na mama yake haozi. Hulala chini mzima, mwaka baada ya mwaka, ardhi ikimkataa kama tumbo linavyokataa chakula kibovu. Miaka miwili mama na mwana hawakusemezana. Walipishana kwenye njia ya kanisani, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Kisha pikipiki ikateleza kwenye changarawe ya kona ya juu, mtoto akafa, na neno likabaki pale lilipoachwa.

Kwa hiyo leo hakuja kuchukua mifupa tu. Alikuja kujua kama udongo ulimsikiliza.

"Funua," alisema kasisi.

Manthos alipenyeza ncha ya sepetu. Kifuniko kilinyanyuka chote, kizima, misumari ikilalama, na harufu ikapanda. Haikuwa harufu waliyoitarajia. Ilikuwa nzito, baridi, ya mafuta. Asimina aliitambua kabla ya wote. Akainama, akatazama.

Tai ilikuwa bado ya buluu. Nywele zilikuwepo. Na uso ulikuwa umekuwa mweupe wenye umanjano, laini, mnene, kama mche wa sabuni uliokatwa kabla ya kukauka. Asimina alikuwa ameikata sabuni ya namna hiyo kwa miaka thelathini, kwa uzi, na kuipanga kivulini. Iliyokatwa mapema hubaki na alama ya kila kidole kilichoigusa. Akanyoosha mkono.

"Usimguse, shangazi," alisema Manthos, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake.

Mwanamke mmoja alianza kulia. Mwingine akapiga ishara ya msalaba, akarudi nyuma hatua mbili, macho yakiwa kwa Asimina na si kwa maiti. Diamanto hakulia.

"Nilikuwepo," alisema. "Masikio yangu haya yalisikia."

"Haya ni maji, shangazi Diamanto." Manthos aliparamia ukingo, matope yakimdondoka magotini. "Maji tu. Utazame ukuta ule."

Wakautazama. Juu ya makaburi palikuwa na ukuta wa mawe, na juu ya ukuta zilining'inia nyasi za jumba la wageni, kijani cha kuumiza macho, kijani ambacho hata misonobari ya kisiwa kile haikithubutu mwezi wa sita. Mawe ya chini yalikuwa meusi kwa unyevu. Tone likachungulia kwenye ufa, likanenepa, likashuka. Kaburi la Argyris lilikuwa la kwanza kutoka ukutani.

"Huko juu wanamwagilia kila siku," Manthos alisema. "Maji yaende wapi? Yanakuja hapa. Maiti ikilowana hivi haiozi, inageuka hivi mnavyoona. Niliwaona wawili mwaka wa mafuriko, na hao hawakuwa wamelaaniwa na mtu. Hili ni bomba."

"Bomba!" Diamanto alimgeukia. "Bomba lina mdomo? Bomba ndilo lililosema udongo usimle mtoto?"

Asimina alibaki amepiga magoti. Kitu ambacho wote wawili walikuwa wamekisahau, au waliogopa kukitaja, ni kwamba koki ya bomba lile alikuwa akiifungua yeye. Lilipofunguliwa jumba, aliomba kazi ya usafi, kwa sababu kazi nyingine haikuwepo. Alitandika vitanda pale ulipokuwa mzeituni mkubwa. Aliosha vyoo. Aliweka mche wa sabuni yake kwenye kila beseni, maana wageni waliinusa na kufumba macho. Na kila jioni, saa moja kamili, aliizungusha koki, vinyunyizio vikaanza kutema, naye akarudi nyumbani akijua ameimaliza siku yake vizuri.

Kasisi alisoma sala ya kumfungua mfu kutoka kwenye laana. Manthos alirudisha kifuniko, kisha udongo, ukianguka mabonge mabonge.

"Miaka miwili mingine," kasisi alisema kwa upole. "Tutajaribu tena, mama."

Foronya haikukunjuliwa. Divai Asimina aliimimina juu ya kaburi kama ilivyo desturi, na ilipokuwa inazama tu akajuta, maana hiyo nayo ilikuwa maji.

Getini Diamanto alimshika kiwiko. Asimina alijikaza kusubiri tusi.

"Wifi," Diamanto alisema, bila kumtazama. "Bibi yangu alimlaani baba yangu hivyohivyo. Unajua alifanya nini? Alitia chumvi kwenye maji, akaikoroga, akasema: kama inavyoyeyuka chumvi hii, neno langu nalo liyeyuke. Akammwagia miguuni. Aliyefunga ndiye anayefungua. Kasisi hawezi, hata asome mpaka ndevu zimfike magotini."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilitaka uumie." Diamanto aliachia kiwiko. "Alikuwa mtoto wa kaka yangu."

*

Mpangaji wa jumba mwezi ule alikuwa Henk, Mholanzi mstaafu wa miguu mirefu, aliyekuwa akija na mkewe kila mwaka na kuzungumza lugha ya kisiwa kama alivyoisoma kitabuni, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Asimina alipofika mchana ule, matope yakiwa bado kwenye viatu, aliwakuta barazani wanakula jibini na matikiti.

"Mama Asimina! Karibu!" Henk alinyoosha mkono kuelekea chini, kwenye mchanga mweupe uliopinda kufuata msitu, na bahari iliyotulia kama kioo kilichofutwa sasa hivi. "Mke wangu anasema dunia yote imeharibiwa, isipokuwa hapa."

"Ndiyo, bwana."

"Na nyasi hizi! Tunatembea peku asubuhi. Ni baridi. Ni kama kukanyaga mgongo wa mnyama aliye hai."

"Ndiyo, bwana," alisema Asimina, akaingia ndani kubadili mashuka.

Jioni ile saa moja ilifika, ikapita. Hakuigusa koki. Alitembea kwa kuzunguka nyasi, akashuka nyumbani kwa njia ya makaburini. Chumvi alikuwa nayo, ameifunga kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa aproni. Lakini alipoweka kiganja juu ya kaburi, udongo ulimshika mkono. Ungali mbichi. Atammwagiaje maji mtu aliyezama? Akaamua kungoja ukauke kwanza.

Akangoja siku ya pili, na ya tatu. Jua lilikuwa kali, barabara ya kanisani ilipasuka, mbuzi wa Manthos walijificha chini ya kila kivuli. Kila jioni aliinama, akaweka kiganja, akakiinua kikiwa na alama nyeusi. Siku ya tano aliutazama ukuta, na ukuta ukamdondoshea tone. Huko juu nyasi zilikuwa zilezile, hazijapauka hata ncha.

Basi ni kweli, aliwaza. Si bomba. Ni mimi.

Usiku ule hakulala. Kulipopambazuka alipanda kwenye jumba mapema kuliko siku zote, aweke vyombo vya kifungua kinywa, mikono ipate kitu cha kufanya. Kwenye lango akasikia sauti ya vinyunyizio.

Henk alikuwa amesimama katikati ya nyasi, peku, suruali ameikunja mpaka magotini, maji yakimwangukia vifundoni. Alipomwona alicheka kama aliyefumaniwa akiiba asali.

"Ah! Umenikamata. Ilikuwa siri." Akaja akichuruzika. "Niliona mnalia kule chini siku ile, na baada ya hapo ukasahau bustani. Nikamwambia mke wangu, mama yule amechoka, tumsaidie. Kwa hiyo kila alfajiri nafungua mimi. Usiogope, sitamwambia msimamizi."

Asimina aliinyooshea koki kidole.

"Funga, bwana."

"Lakini ni raha yangu. Hainichoshi."

"Chini ya ukuta ule kuna mwanangu. Maji haya yanamfikia. Miaka mitatu sasa yanamfikia, haozi. Funga."

Alisema polepole, kama mtu anayemwamuru mtoto. Henk aliyajua maneno yote, moja moja. Ilimchukua muda kuyaunganisha. Asimina aliona yanavyoungana usoni mwake, rangi ikimtoka, macho yakishuka hadi kwenye vidole vya miguu yake iliyolowa. Alikwenda kwenye koki akaifunga kwa mikono miwili. Ndege wakasikika.

"Sikujua," alisema.

"Hata mimi sikujua."

Kisha Henk akauliza, sauti yake ikiwa chini, "Na wale watakaokuja Jumamosi, sisi tukiondoka?"

Asimina aliitazama koki. Henk alikwenda kwenye gari lake, akarudi na spana, akapiga magoti kwenye nyasi. Kishikio cha koki kilikuwa kimeshikwa na kutu; alikizungusha, akapumzika, akakizungusha tena mpaka kikatoka. Akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima bila ruhusa.

Asimina alishuka nacho makaburini. Diamanto alikuwepo, akitia mafuta kwenye kandili la kaka yake mlangoni mwa chumba cha mifupa.

"Umeamka mapema," alisema. "Au hukulala?"

"Una bilauri?"

Diamanto aliutazama mkono wake, kile chuma chenye kutu, akaacha kuuliza. Alitoa bilauri ya divai kwenye kikapu, akaijaza maji ya chupa. Asimina alifungua kitambaa, akaitia chumvi yote, akaikoroga kwa kidole. Punje zilizunguka, zikapungua, zikapotea.

"Kama inavyoyeyuka chumvi hii," alisema, "neno langu liyeyuke."

"Liyeyuke," Diamanto aliitikia. "Haya, mwaga."

Asimina aliishika bilauri juu ya kaburi. Mkono ukakaa hewani.

"Mwaga, wifi. Jua linapanda."

"Siwezi kumwongezea maji."

Akaipeleka mdomoni, akayanywa yote, bila kupumua, machozi yakimtoka kwa ukali wa chumvi. Alikohoa. Akafuta midomo kwa aproni.

"Mwendawazimu, wewe," alisema Diamanto, na akajishusha kwa shida, goti moja halafu la pili, akapiga magoti kando yake.

Simu ilianza kulia ndani ya mfuko wa aproni, ikitikisa na kile kishikio cha koki kilichokuwa humo. Msimamizi alikuwa na kawaida ya kupiga kila asubuhi, kuuliza kuhusu nyasi. Asimina aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Akaweka kiganja juu ya udongo, akakitandaza. Diamanto akaweka chake karibu, bila kugusana.

Ukutani tone lilichungulia kwenye ufa, likanenepa, likashuka. Wakangoja waone kama la pili litakuja.