Pini ya Chiriku

Haya alinisimulia fundi wangu wa cherehani mwaka jana, siku moja ya mvua, nilipompelekea gauni alipunguze kiuno. Nilimwuliza mbona pini zake zote zina vichwa vyeupe, nyekundu hana hata moja. Akaweka mkasi chini.

Alikuwa na binti wa miaka saba, maneno mengi hata baba yake akamwita Chiriku. Walikaa bondeni, nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ambako shuka nyeupe ukiianika asubuhi, jioni unaianua ya kijivu. Chiriku akashikwa na homa zisizoisha, kisha madoa ya damu chini ya ngozi. Hospitali kubwa iko mlimani, na wa mlimani hupokelewa moja kwa moja. Wa bondeni lazima aanzie zahanati yao na kungoja barua wiki sita. Mama mmoja kwenye foleni akamnong'oneza, "Dada, huna ndugu huku juu? Basi wewe unakaa kwake. Sote tunakaa kwao."

Alipoulizwa anakaa wapi, fundi akataja nyumba ya wifi yake wa mlimani, dada wa mumewe. Chiriku akalazwa siku ileile. Ilikuwa saratani ya damu. Miezi minane aliwachosha wauguzi kwa vitendawili, akamwuliza daktari mkuu kama kwao hawana kitana. Mwezi wa tisa akanyamaza.

Miezi miwili baada ya maziko, wifi akateremka bondeni. Hata kiti hakukitaka.

"Wifi, umenihamishia maradhi. Wamebandika ramani ya mji pale hospitali. Kila mtoto aliyepata saratani, pini nyekundu pale alipokaa. Mtaa wangu umejaa pini kama kifuko chako cha sindano. Wapangaji wameanza kufunga mizigo. Jumatatu wanakuja kupima maji na udongo."

"Na huku bondeni?"

"Bondeni kweupe. Ninyi wazima kama jiwe."

Fundi akatazama uani. Mdogo wake Chiriku, wa miaka mitatu, alikuwa akipika udongo kwenye kopo, anaonja kama umekolea. Fundi aliwajua mama kumi na mmoja wa bondeni aliokutana nao wodini, wote "wakaaji wa mlimani", na wawili kati yao watoto wao bado wamelazwa. Akisema, hao si watarudishwa zahanati? Akinyamaza, huyu anayeonja udongo atapimiwa na nani?

"Mficha maradhi..." wifi akaanza.

"Usinimalizie, wifi. Naijua."

Kesho yake wakapanda pamoja. Ramani ilikuwa kwenye ujia, karibu na dirisha la karani, na mwenye ramani alikuwa daktari kijana, mwanamke, miwani imening'inia kwa kamba.

"Mwanangu hakukaa pale ulipomweka," fundi akasema. "Nilidanganya."

Daktari akaivaa miwani. "Ni wewe tu, mama?"

"Kila mama ana mdomo wake. Kwanza niambie: anayetaja bondeni leo, mtoto wake anaondolewa kitandani?"

"Si kwa ramani hii. Kadi za matibabu ziko kwa karani, mimi siziandiki. Mimi nauliza tu mtoto alikuwa akilala wapi."

"Hilo liandike," wifi akadakia. "Na mhuri. Maneno ya wasomi hulowa yakayeyuka kama sabuni."

Daktari akaandika, akagonga mhuri. Kisha akaing'oa pini mtaani kwa wifi. Ikalala kiganjani mwake, na kwa kitambo kile Chiriku hakuwa na mahali popote katika mji ule. Fundi akaomba aichome mwenyewe. Mikono iliyochoma pini miaka ishirini ikaiangusha, wakaitafuta wote watatu kwa magoti.

Wifi akaiona chini ya benchi. "Chiriku na michezo yake," akasema, na hapo ndipo walipolia.

Fundi akaichoma ramanini nyuma ya kiwanda, penye weupe, pini peke yake.

Ile karatasi yenye mhuri aliitembeza nyumba kwa nyumba. Kufikia Ijumaa pini tisa zilikuwa zimeshuka bondeni, na wale watoto wawili wodini hakuna aliyewaondoa kitandani. Jumatatu wapimaji wakaja, wakachimba uani pale penye kopo, wakajaza udongo chupani. Majibu baada ya miezi, wakasema. Mpaka hapo mtoto asichezee hapa.

Mtoto akalilia kopo lake. Wifi akambeba mgongoni, akafunga nguo zake kwenye kanga.

"Sasa huyu anakaa kwangu kweli," akasema. "Akiulizwa, hakuna uongo."

"Haya, wifi. Usiku hujifunua, mfunike."

Aliwasindikiza kwa macho. Kabla hawajafika kona, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaegemea, amelala. Fundi akaingia ndani. Cherehani alikipita. Kitanda cha Chiriku hakuwa amekigusa tangu siku ya maziko; leo akakaa ukingoni, akavua viatu, akakunja miguu, maana kilikuwa kifupi. Jua la saa tisa lilikuwa mlangoni. Akavuta shuka ile ya kijivu mpaka begani, akalala.