Vipepeo wa Santa Brígida Hawamngoji Mtu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini hata mtakatifu wa mbao kule kanisani angeshuka madhabahuni apige kelele, kama angesafiri na baba yangu siku ile.

Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Daktari wa macho alisema mvua za mwezi wa sita zikianza, mama hataona tena kitu ila mwanga na kivuli. Mama akasema basi, kabla ya hapo anataka kuwaona vipepeo wakiruka kwenye misonobari ya Santa Brígida, shamba alikozaliwa. Na akiwa huko, apite katika jumba la matajiri wa zamani wa shamba hilo, ambamo bibi yangu alipika miaka thelathini. Nikaomba ruhusa kazini, nikatoka mjini Morelia alfajiri, nikawapitia wazee kijijini kwao. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Wiki mbili tu baadaye vipepeo wangekuwa wameshafunga safari kurudi kaskazini.

Kila mtu wa milima ile anajua kwamba majira ya baridi vipepeo hushikamana matawini wakalala, na hawaruki mpaka jua liwapige. Na jua la kule juu ni la saa tano mpaka saa saba, basi. Baada ya hapo ni mawingu. Sisi saa nne na nusu tulikuwa tumeshafika langoni. Saa nne na nusu! Nikajipongeza.

"Kwanza tumwone kompadre Wenceslao," baba akasema.

Wenceslao ndiye aliyemsimamia kaka yangu ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na baba ni kompadre, na kwetu hilo ni zaidi ya udugu. Ndugu unaweza kumnunia. Kompadre huwezi kupita mlangoni kwake bila kuingia, ukiingia huwezi kutoka bila kula, na ukila huwezi kuinuka kabla yeye hajainuka.

"Baba, tutamwona tukishuka."

"Ufunguo wa jumba anao yeye, Ofelia. Halafu ameshatuona."

Kweli, alikuwa amesimama kwenye baraza ya jumba, kofia mkononi, anapaza sauti: "Kompadre! Komadre! Bata mzinga ameshaiva!"

"Nani alimwambia tunakuja?" nikamuuliza baba.

"Mimi. Ulitaka nimpite kama mwizi?"

Tukaingia. Jumba lenyewe siku hizi ni ghala la wanakijiji: sebule waliyochezea dansi matajiri imejaa magunia ya mahindi, dari imeliwa na mchwa, na kuku anaatamia chini ya ngazi ya mawe. Mama hakujali hayo. Alienda moja kwa moja mpaka jikoni, akaweka viganja vyote viwili kwenye jiko la matofali, akayapapasa moja moja huku akitabasamu. Nikamwacha. Mtu amezaliwa hapo, mwache apapase.

Meza ikaandaliwa humo humo jikoni. Supu. Wali. Bata mzinga kwenye mchuzi mzito wa pilipili. Chapati za mahindi, zikiisha zinaletwa nyingine. Saa tano ikapita. Dirishani naliona jua limetulia juu ya msitu, zuri, la bure, na Wenceslao anasimulia habari za nyumbu wake aliyekufa zamani. Saa sita ikapita. Nyumbu bado hajafa.

"Baba," nikamnong'oneza, "vipepeo."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo!"

Wenceslao alisikia hilo la mwisho. "Tumbo linamuuma binti? Mpeni chai ya mnanaa!" Ikachemshwa. Ikangojwa ipoe. Nikainywa yote huku wananitazama.

Tulitoka saa saba na robo. Mimi nimefura kama andazi.

Kuupanda mlima lazima uongozwe na mtu wa ushirika wa kijiji, na zamu ilikuwa ya mwanamke mmoja aitwaye Domitila, mnene, mkavu wa maneno, mwenye fimbo. Alimpandisha mama juu ya farasi, akatusomea sheria: juu hakuna kupaza sauti, hakuna kuvuka kamba, na kila kundi lina dakika kumi na nane.

"Na jua lisipotoka ndani ya hizo dakika?" nikauliza.

"Jua si mwanachama wa ushirika wetu, dada."

Baba akacheka. Nikamkata jicho akaacha.

Tulipofika kwenye kamba, wingu lilikuwa limeshakaa juu ya msitu kama mtu asiye na kwao. Tukamshusha mama, tukamkalisha kwenye gogo. Vipepeo walikuwepo, maelfu kwa maelfu, wamening'inia matawini mbawa zimefungwa, rangi yao ya chungwa imefichwa ndani, wakavu, rangi ya majani yaliyokufa. Hata mmoja hakutikisika.

"Wako wapi?" mama akauliza taratibu.

"Wamelala, Chencha," baba akasema. "Subiri kidogo."

Nikamvuta baba pembeni. "Umeona? Umeona bata mzinga wako alichotufanyia? Hii ndiyo mara ya mwisho macho ya mama yanaona kitu, na wewe umeyapeleka kula!"

Alishika kofia yake akaikunja ukingo. Hilo likanichoma zaidi, maana mtu anayekunja kofia unamgombezaje?

Nikamgeukia Domitila. Nikamsihi atuachie nusu saa tu. Akasema kundi lingine linangoja chini. Nikamwambia mama yangu anapofuka. Akasema pole sana, dada, punguza sauti. Nikamwambia roho yake ni ya jiwe. Manyunyu yakaanza. Domitila akafungua mfuko wake, akatoa koti la mvua la plastiki, la rangi ya chungwa, akalivaa, akasogea kumsaidia mama ainuke.

"Hao!" mama akasema. "Hao, wameamka!"

Alinyoosha kidole. Kidole kilimwelekea Domitila.

Mbele yake ilikuwapo misonobari minene kama nguzo za kanisa, na hakuiona. Aliona rangi moja tu ikisogea. Nikamgeukia baba.

"Yuko hivi tangu Krismasi," baba akaninong'oneza. "Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua, hutampandisha mlima."

Domitila alikuwa amesimama palepale, ananitazama mimi, si mama. Kisha akaliacha koti wazi, akashika pindo zake mbili, akainua mikono polepole, akaishusha, akainua tena. Akarudi nyuma hatua, akazunguka upande wa kulia, anapepea, mwanamke mzima na unene wake, kimya kabisa. Dakika kumi na nane zikapita na hakuna aliyezitaja.

Mama alicheka mpaka akafunika mdomo kwa shali, maana sheria ni kutopaza sauti. Akaupapasa mkono wangu, akaushika.

"Umewaona, Ofelia?"

"Nimewaona, mama."

"Basi usimkaripie tena baba yako," akasema. "Tumewahi."