Moyo Chini ya Picha ya Aruna

Kabla Idrissa hajaleta programu yake ya simu, habari za msiba kwa Waislamu wa Kamalondo zilisafiri kwa baiskeli. Mtu akifariki, wazee wa msikiti walimwita Kalaba, mwenyeji wa Lukafu mwenye miguu isiyojua kuchoka, naye akazunguka mlango kwa mlango, mitaa ya Katuba na Kenya, mpaka Ruashi. Hakupaza sauti. Alishuka, akaiegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, na mwenye nyumba akajua kabla mdomo haujafunguka.

Idrissa aliionea haya baiskeli ile. Yeye alijifundisha mwenyewe kuandika programu, kwa kompyuta ya kuazima, katika mtaa ambao umeme huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Hakuwa na mwalimu, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, aliona hakuna wa kumsahihisha. Alipomaliza kazi yake alitembea Kamalondo kifua mbele, kama mtu aliyejenga daraja kwa mikono yake.

Na programu ilikuwa nzuri kweli kwa macho. Kila tangazo la jamaa, liwe la ndoa, mtoto kuzaliwa au kifo, lilikuja kwenye simu na picha kubwa ndani ya fremu ya dhahabu yenye maua. Fremu hiyo Idrissa aliichora mwenyewe, akaipenda mno hata akaitumia kwa kila jambo. Maneno aliyaweka chini, kwa herufi nyembamba, yasije yakaharibu picha. Na chini ya maneno palikuwa na moyo mwekundu. Aliyeubonyeza, jina lake lilitokea hapo, watu wote wakajua kwamba ameona.

Fatouma, binti wa mama yake mdogo, alikuwa amesomea chuo kikuu namna watu na mashine wanavyoelewana, na wanavyokosa kuelewana. Aliitazama programu ile kwa muda, akaisifu fremu, kisha akamuuliza ni mzee gani aliyeijaribu. Idrissa akasema ameijaribu yeye, mara nyingi.

"Yaya, si weye utaitumia," Fatouma akamwambia kaka yake huyo. "Enda kwa bazee. Bape simu, kisha funga kinywa. Usibaonyeshe kitu. Angalia paka vidole vyabo tu, vinaenda wapi."

"Nikae kuangalia vidole vya bantu? Mi si fundi wa kukata kucha."

"Cheka tu. Lakini muzee akipotea mule ndani, si yeye amekosa. Ni mwenye kuijenga."

Idrissa alijibu kwamba asiyejua atafundishwa, na maneno hayo yakampendeza hata akayarudia msikitini siku ya kuonyesha programu. Siku hiyo simu aliishika yeye, na kidole kilichoruka juu ya kioo kilikuwa chake. Wazee walitazama na kusema mashallah. Idrissa aliichukua mashallah ile kama mtihani uliofaulu. Kamati ya msikiti ikakubali kwamba Kalaba apumzike, naye Kalaba akaanza kuchukua magunia ya makaa kwa baiskeli ileile, bila kinyongo.

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo Rachid, mshona kofia wa Ruashi. Alizaliwa Kasongo ya Maniema, akasoma chuo cha Kurani huko, na mpaka leo huandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu hazimjui na yeye hazijui. Simu yake ilikuwa zawadi ya binti yake, na Idrissa ndiye aliyemtilia programu, haraka haraka, amesimama mlangoni.

Rachid alikuwa na rafiki mmoja tu wa kufa na kuzikana, Aruna wa Kamalondo, muuza nyama. Walitoka Maniema katika lori moja wakiwa vijana, na tangu hapo walitaniana bila kuchoka. Mmoja humwita mwenzake mwizi wa kuku, mwenzake humjibu kwamba kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa. Lakini jambo moja hawakulitania. Waliahidiana kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake kwa mikono yake, na atashuka kaburini kumpokea. Kamalondo nzima iliijua ahadi hiyo.

Aruna akafariki asubuhi moja ya masika, baada ya sala ya alfajiri. Idrissa alipata habari, akakaa kwenye kompyuta yake, akatuma tangazo. Familia ilimpa picha nzuri kuliko zote, Aruna katika kanzu nyeupe kwenye harusi ya binti yake mkubwa, meno yote nje. Idrissa akaitia ndani ya maua. Hata hajanywa chai, jina la kwanza likatokea chini ya moyo. Rachid.

Yasmine, binti mdogo wa Aruna, yule ambaye hajaolewa, alimkuta Idrissa uani kwao. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimuuliza, kwa wingi wa heshima, Ba Rachid wako wapi, maana baba yake hataoshwa na mtu mwingine, na simu yao hailii. Akasema labda amtume Kalaba.

Idrissa akatoa simu yake, akamwonyesha.

"Kalaba wa nini tena? Banapata habari. Angalia, jina yabo njo ya kwanza."

Yasmine akautazama moyo ule, akaitikia kwa kichwa. Aliamini. Na walioulizia baadaye, akiwamo imamu, waliambiwa hivyohivyo: amepata, yuko njiani.

Walimngoja. Maji ya kuoshea yakapoa, yakapashwa tena. Adhana ya adhuhuri ikalia, na huku mawingu meusi yalikuwa yamekwisha funika upande wa Likasi. Maiti hacheleweshwi. Wazee wawili wengine wakamwosha Aruna, na makaburini vijana wenye nguvu wakaombwa washuke. Idrissa alishuka. Hapo hakuona ubaya wowote. Aliona hata fahari kidogo, kumpokea mzee wa watu.

Waliporudi na udongo mwekundu kwenye viatu, teksi ikasimama mbele ya lango. Akashuka Mzee Rachid. Alikuwa katika kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikatoa makali, ananukia manukato, na mkononi ana kofia mpya iliyofungwa katika karatasi ya rangi. Alianza kusema hata kabla hajavuka kizingiti.

"Iko wapi ule mwizi wa kuku? Unaoza mutoto, mimi ninaona mu simu sawa mugeni? Toka, Aruna, nikuone."

Rachid akacheka peke yake, kisha kicheko kikakatika. Aliwatazama wanaume waliokaa kwenye mikeka. Akaona viatu vyao. Yasmine akaja akamshika, akamwambia kwa sauti ya chini sana, kama anavyosema mtu kwa mtoto aliyelala.

Idrissa alikuwa karibu kuliko wote, lakini alibaki anautazama udongo kwenye viatu vyake.

Yote yakajulikana baadaye, vipande vipande. Mzee aliona picha asubuhi. Aliona rafiki yake anacheka katikati ya maua ya dhahabu, vilevile kama ilivyokuja picha ya harusi ya wiki iliyotangulia. Akajua ni Yasmine anaolewa. Akabonyeza moyo, kwa sababu ndio kitu pekee kilichoonekana kinataka kidole. Kisha akazima simu asimalize moto wa betri, akaenda kupiga pasi kanzu, akamalizia kofia ya bwana harusi. Hakuona haja ya haraka. Harusi huchangamka jioni.

Hakuna aliyemlaumu Idrissa mbele ya watu, hata Fatouma. Idrissa alitamani mtu amtukane, apate kujibu. Alikuwa hodari wa kujibu.

Baada ya hitima alipanda teksi kwenda Ruashi. Mzee Rachid alikuwa kwenye cherehani lakini hashoni. Idrissa akamwamkia, akakaa chini kwenye sakafu, akaomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga tangu nyumbani, nayo yakaisha upesi. Mzee alimsikiliza, akasema Mungu ndiye mwenye kusamehe.

Idrissa akamwomba simu. Akaifungua palepale kwenye tangazo, akamrudishia, akamwomba amweleze anachokiona. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akafunga kinywa.

Kidole cha mzee, kigumu kwa kuchomwa sindano miaka yote, kilipita juu ya uso wa Aruna. Hakikugusa maneno hata mara moja. Kiliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kikateremka moja kwa moja mpaka kwenye moyo, kikasimama juu yake.

"Ninaona rafiki yangu anacheka," mzee akasema. "Hapa hakuna pahali pa kulia. Unaweka paka pa kufurahi tu."

Idrissa alitaka kueleza habari za fremu, na herufi, na kwamba anaweza kuufuta moyo ule sasa hivi, usionekane tena na mtu. Lakini watu wote walikwisha kuuona, na kwa ajili yake walikwisha kuacha kumtafuta mzee huyu.

Rachid akaiweka simu juu ya cherehani, kioo chini.

"Banasema ni weye uliingia mu kaburi."

"Ndiyo, baba."

"Ulimushika fasi gani?"

"Mu mabega."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Bega ya kuume ilikuwa inamuuma. Tangu zamani, tangu kubeba nyama. Hakupenda bantu bajue. Na maiti inalala kwa ubavu wa kuume." Akaligusa bega lake mwenyewe. "Mimi ningemulaza polepole. Ulimulaza polepole?"

Idrissa akajaribu kukumbuka. Aliutafuta uzito ule mikononi mwake, sanda, ubaridi wa udongo ubavuni, sauti za watu juu ya kichwa chake. Alikumbuka tu kwamba matone ya kwanza yalikuwa yameanza, na walioko juu walikuwa wakisema fanya haraka, fanya haraka, mvua inakuja, naye alifanya haraka.