Mdomo wa Uwamwezi

Tangu asubuhi Uwamwezi alikuwa ndani ya mahindi, shavu limevimba kama mtu aliyebania kiazi kizima mdomoni, na kila alipoitwa alizidi kusogea ndani.

Aliyekuwa akimwita ni nyogokuru wake, mama wa baba yake, mzee Nyirabagenzi. Na hapo ndipo penye ubaya wa jambo hili, kwa sababu pale kijijini Ngungu hakuna mtoto aliyependwa na bibi yake kama huyo. Alimbeba mgongoni mpaka majirani wakamcheka, wakisema huyo mtoto ataanza shule hajui kutembea. Kiazi cha katikati ya chungu kilikuwa chake, na mtu mwingine asithubutu kukigusa. Sasa mzee amesimama pembeni mwa shamba, anabembeleza, anatishia, anabembeleza tena, na mtoto wa miaka saba hataki hata kuonyesha kichwa.

"Kuya hapa, mutoto wangu! Nataka tu kuangalia."

Mahindi yakatikisika kidogo, yakatulia.

Asiyejua ibyinyo na aambiwe sasa, maana bila hilo hataelewa kitu. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, ukimfungua kinywa utaona ufizi umetuna, na weupe kidogo mahali ambapo chonge itaota. Hilo ni jino linalojiandaa tu, halina kosa lolote. Lakini kwenye vilima vile watu wengi wanasema ni jino baya, tena ni mdudu, ndilo linalomharisha mtoto, na lisipotolewa litamuua. Wanaliita ibyinyo. Basi mtoto anapelekwa kwa mtu anayejua kuyatoa, na Ngungu nzima mtu huyo alikuwa Nyirabagenzi.

Alikuwa na waya wa gurudumu la baiskeli aliounoa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa bapa. Alifundishwa na mama yake mzazi. Mama wa mtoto anashika miguu, Nyirabagenzi anabana kichwa kwa kiwiko, anachimba ufizi, anatoa kitu cheupe kilichojaa damu na kuwaonyesha waliopo. "Munaona mududu?" Nao wanaitikia, eeh Mama, tumeuona. Watoto wengine walipona, maana kuhara mara nyingi hupita kwenyewe. Wengine walizikwa, na kwa hao mzee alikuwa na neno moja tu: walichelewa kumleta. Aliliamini neno hilo kwa moyo wake wote. Hakuwa mwongo, wala hakuwa mwanamke mbaya, akipewa kuku alipokea, na asiyempa hakumwambia kitu.

Na kazi hiyo aliifanyia wapi? Katika chumba kilekile alicholala Uwamwezi! Mtoto alikulia humo, akicheza nyuma ya mlango, akisikia kila kilio. Hakuna aliyemwambia atoke nje. Sisi wakubwa bwana, mtoto asipouliza kitu tunadhani haoni kitu.

Jino lake la chini lilianza kumuuma wakati wa kupanda maharage. Likawekewa chumvi, likawekewa majani yaliyopondwa, likatulia, likarudi. Siku hiyo uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka chini ya taya, na mtoto alikuwa hawezi kumeza uji. Nyirabagenzi hakuweza kuvumilia kumwona hivyo. Akatoa waya wake, akaupitisha motoni ili apasue usaha, na alipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu.

Aliyekwenda kumtoa mahindini ni Kayitesi, mama wa mtoto. Kayitesi alikuwa mkaza mwana aliyefunzwa vizuri, tangu aolewe hakuwahi kumpinga mama mkwe wake hata kwa kukohoa. Alitoka na mtoto mgongoni, ameshamfunga kitenge, matope mpaka magotini, akasema huku ameinamisha macho:

"Mama, naenda naye ku hopitali. Banasema kuko dokta wa meno mwenye alitoka Goma."

"Dokta atamukata!"

"Basi amukate yeye," Kayitesi akasema, na akaanza kushuka.

Nyirabagenzi akavaa viatu vyake vya mpira akawafuata, akinung'unika njia nzima kwamba wasichana wa siku hizi hawana adabu, na kila baada ya muda akisimama kuuliza: "Anapumua vizuri?"

Dokta huyo wa meno, Hubert, alikuwa kijana mwembamba aliyefika kwa pikipiki, amefunga kiti chake cha kukunja nyuma. Alikuwa amekiweka katika chumba cha mwisho cha kituo cha afya, karibu na dirisha, apate mwanga. Alimpapasa Uwamwezi shingoni kwa vidole viwili, taratibu, na uso wake ukabadilika.

"Mama, nikuambie kweli," alimwambia Kayitesi. "Uvimbe unashuka. Ukifika hapa kooni, utafunga pumzi. Goma ni mbali, na hii barabara munaijua. Lile jino linatoka leo, ao tutamupoteza mutoto."

Kayitesi akajishika ukutani. Nyirabagenzi alisikia neno lile. Alikuwa amewaambia akina mama wengi neno la namna hiyo, lakini yeye hakuwahi kuambiwa.

Uwamwezi alikuwa ameketi kwenye kiti, ameuma midomo yake mpaka imekuwa myeupe. Mama yake alimsihi. Mfanyakazi wa kituo alimwahidi biskuti. Kayitesi akasema haitauma hata kidogo, na mtoto akamtazama tu, maana anajua wakubwa wanavyodanganya wakitaka jambo lao. Mdomo haukufunguka. Muda ulikuwa unakwenda, na pumzi ya mtoto ilikuwa imeanza kukoroma puani.

"Munabembeleza nini?" Nyirabagenzi akafoka. "Mutoto anashikwa! Kayitesi, shika miguu."

Akapita mbele, akamzungushia mtoto kiwiko kichwani kama alivyozoea. Uwamwezi hakupiga kelele. Alikauka mwili mzima, macho yakamtoka, na mkojo ukaanza kudondoka chini ya kiti.

"Mama, muachilie," Hubert akasema.

"Miye hii kazi niliijua mbele mama yako akuzale!"

"Muachilie, nimesema!"

Akamwachia. Hubert akachuchumaa mbele ya kiti, miguu yake ndani ya mkojo, wala hakuutazama. Akauliza kwa sauti ya chini: "Unaogopa nini? Ni miye?" Mtoto akatikisa kichwa. "Ni sindano?" Akatikisa kichwa tena. "Ni nini basi?"

Uwamwezi hakunyoosha kidole, alikuwa na heshima zake. Aliangalia tu mikono ya nyogokuru wake. Akaiangalia, akaiangalia, mpaka kila mtu chumbani akageuka kuitazama ile mikono, na mwenyewe mwenye mikono akaitazama. Ee Mungu wangu, siku hiyo!

"Mama, tafadhali," Hubert akasema. "Utungojee inje."

Nyirabagenzi alisubiri Kayitesi aseme jambo. Kayitesi alikuwa anafuta machozi ya mtoto kwa ncha ya kitenge na hakugeuka. Basi mzee akatoka, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha, kifua kinampanda na kushuka kwa hasira na aibu. Kufukuzwa! Yeye, ambaye watu walitoka mpaka vilima vya ng'ambo kumtafuta!

Kutoka ndani alisikia sauti ya yule kijana.

"Hapa hakuna mutu atakushika. Hiki kioo shika wewe mwenyewe. Anza na miye, angalia mu meno yangu. Hili la nyuma limetoboka, unaliona?"

Kisha sauti ya Uwamwezi, nzito kwa uvimbe: "Ata wewe?"

"Ata miye, dokta muzima. Sasa sikiliza. Sindano itauma, sikudanganye. Itauma kidogo sana, kisha hautasikia kitu. Ukinyoosha mukono juu, naacha. Fungua... Ah, umenyoosha. Naacha. Pumzika."

Baada ya muda, tena: "Umenyoosha. Naacha."

Nyirabagenzi aliguna. Mpumbavu gani huyu anayeachia mtoto amri? Jino litatoka mwaka gani? Lakini ndani waliendelea, taratibu, kijana akisema kila anachofanya kabla hajakifanya, na mara nyingine akiacha. Halafu hata yeye akanyamaza.

Sasa mzee akaanza kungoja kilio. Maisha yake yote, mdomo wa mtoto ukifunguliwa, kilio kinafuata, ndivyo alivyojua kwamba mtoto bado yuko. Akangoja. Kilio hakikuja. Amekufa, akajiambia, mutoto wangu amekufa na mimi nimekaa huku inje. Akasimama ashike mlango.

Ndani kitu kidogo kikagonga sahani ya chuma. Mtoto akakohoa, akatema. Kayitesi akasema, "Asante Yezu, asante Yezu," na akaangua kilio yeye.

Nyirabagenzi akaketi tena. Alifurahi kweli. Lakini katika ile furaha kulikuwa na kitu kingine kilichomkera, na alijaribu kukisukuma pembeni kikarudi: kumbe mdomo wa mtoto unaweza kufunguliwa namna ile.

Hubert alitoka akivua mipira ya mikononi. Alikaa kando yake.

"Usaha umetoka mwingi. Atapona, anywe dawa yake yote. Mama, nani alimutoa ibyinyo?"

"Miye. Alikuwa anaharisha, alikuwa anakufa."

"Kuna kovu mu fizi. Chuma kiligusa meno yenye yalikuwa bado ndani, yakatoka mabovu tangu mwanzo. Lile la leo lilikuwa moja yao." Alisema bila ukali. Angekuwa mkali, mzee angepata la kumjibu. "Na kuhara si meno, Mama. Mutoto anataka maji ya chumvi na sukari, na kuletwa hapa."

Akainuka, akarudi ndani kufuta kiti chake. Nyirabagenzi alibaki anatazama barabara. Sura zilikuwa zinamjia, za watoto aliosema walichelewa, na za mama zao, na aliona kwamba akiruhusu hata moja ikae, hataweza kuinuka pale. Alianza kuomba Baba Yetu akaishia katikati.

Ndipo alipotokea Mukandayisenga, mwanamke wa kilima cha juu, anakuja mbiombio na mtoto mgongoni.

"Mama Nyirabagenzi! Natoka kwako, banasema uko huku. Niangalilie huyu. Tangu juzi ni kuhara tu, na fizi zimekuwa nyeupe. Nilisema nisichelewe."

Akaketi, akamfungua mtoto wake mapajani. Alikuwa mchanga bado, macho yamezama, midomo mikavu. Na mkono wa Nyirabagenzi, kwa mazoea ya miaka yote, ukajipeleka wenyewe kwenye kidevu cha mtoto.

Wakati huohuo Kayitesi alikuwa akitoka na Uwamwezi, shavu limekufa ganzi, pamba imejaa mdomoni. Mtoto aliona benchi, akaona yule mchanga, akaona mkono. Akachomoka kwa mama yake, akaja mbio, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa mtoto mchanga.

Hakusema kitu, hakuweza kwa ile pamba. Alisimama hapo, gauni lake linanuka mkojo, macho ameyafumba akingoja kupigwa. Lakini kiganja hakukitoa.

"We, unafanya nini kwa mutoto wangu?" Mukandayisenga akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nyirabagenzi aliutazama ule mkono mdogo. Mkono aliouosha yeye, aliouongoza kushika kijiko. Alijua mtoto alikuwa anamlinda mwenzake, na alijua dhidi ya nani. Hakuna mtu aliyewahi kumtukana vile, na hakukuwa na tusi, kulikuwa na mtoto wake tu anayemwogopa.

Akarudisha mkono wake.

"Hapa hakuna ibyinyo," akasema.

"Lakini Mama, wewe ndiyo mwenye unajua..."

"Miye sijue kitu! Ingia, umupe dokta. Mutoto iko na kiu, hauone macho yake? Ingia, Mukandayisenga, ingia mbio, nakuomba!"

Mwanamke akashtuka, akambeba mtoto wake akaingia, na kiganja cha Uwamwezi kikabaki hewani.

Mzee alikuwa analia sasa, mbele ya wagonjwa na wapita njia, bila kujificha. Hakumwita mtoto, wala hakunyoosha mkono kumgusa. Aliichukua mikono yake yote miwili, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia, ili mtoto aone ilipo.

"Ukae kidogo, upumzike," akasema.

Uwamwezi alimtazama mama yake. Kayitesi hakumsukuma wala hakumzuia. Mtoto akafikiri, pamba yake mdomoni, kisha akaja akaketi kwenye ncha ya mwisho ya benchi, mbali. Nyirabagenzi hakusogea.