Mtu wa Arobaini na Moja

Mzee aliyewahi kuendesha nchi nzima kwa kidole alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, blanketi mpaka kidevuni, akijifanya hajui hata jina lake. Jaji alimuuliza maswali kumi na tisa. Kila mara mzee alimtupia wakili wake jicho, akatabasamu kama mtoto mchanga, akasema, "Sikumbuki, binti yangu."

Jaji alikuwa amemfuatilia miaka sita, nchi hadi nchi, kwa ajili ya wafungwa arobaini waliouawa gerezani siku moja. Nje, kwenye benchi la ukumbini, aliketi bibi mmoja aliyeshikilia kwamba walikuwa arobaini na mmoja, na kwamba huyo wa mwisho ni mwanawe. Jina lake halikuwemo kwenye orodha yoyote. Mbele ya sheria, bibi huyo alikuwa mpita njia tu.

Kwa kawaida karani husoma kwanza hati ya mahojiano aliyoiandika, ndipo jaji hutia saini. Siku hiyo lile tabasamu lilikuwa limemchemsha jaji damu. Akavuta karatasi, akasaini. "Haya, soma tuondoke zetu."

Karani akasoma. "Mshtakiwa, kanali mstaafu..."

"Jenerali!" Mzee aliinuka, sauti ya gwaride. "Nilipandishwa cheo kwa wale arobaini na mmoja wa gerezani, halafu wewe wa kalamu unishushe?"

Karani akaikimbilia kalamu.

"Iache," wakili akasema taratibu. "Hati ikishasainiwa haiongezwi hata nukta. Mheshimiwa anajua kuliko mimi."

Daktari naye akaingia, akasema mgonjwa amechoka, mahojiano mengine haruhusu. Mzee alikuwa amesharudi chini ya blanketi na utoto wake.

Neno la karani peke yake lisingetosha. Jaji angeweza kutoa ushahidi mwenyewe. Lakini jaji akiwa shahidi hunyang'anywa kesi, na hii ingeangukia kwa mwenzake ambaye alishaitafutia kabati la kuifungia. Alijichukia pale pale, hasa ule mkono uliosaini.

Ukumbini bibi alisimama. "Amemtaja mwanangu?"

"Amemhesabu, mama. Kwa mdomo wake mwenyewe."

Bibi akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akaitazama hati mkononi mwa jaji. "Nionyeshe palipoandikwa, nipashike tu."

"Hapajaandikwa. Niliharakisha kusaini, mama. Kosa ni langu."

Bibi akaketi tena kwenye benchi, akaweka mkoba magotini, kama mtu ambaye bado hajaitwa.