Simu ya Mtaa wa Tamarack

Jumanne ya pili ya Oktoba, saa tisa na dakika kumi alasiri, Marlys Jedlicka aliketi mbele ya kompyuta namba tatu ya maktaba ya mji wa Wexmoor, akala mkate wenye jibini kwa kificho chini ya meza, na akajaribu kwa mara ya kumi na nne kuingia kwenye akaunti yake ya mafao ya kukosa kazi. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameshona viti vya mabasi ya shule, vile vya kahawia ambavyo watoto huvitoboa kwa kalamu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo kiwanda kiliwaita wafanyakazi wote kantini, kikawagawia donati, kikafungwa.

Neno la siri lilikubaliwa. Kisha kompyuta ikaandika, kama ilivyokuwa imeandika mara kumi na tatu: *Tunapiga simu kwa namba uliyosajili, inayoishia na 41. Ingiza tarakimu sita utakazosomewa. Una dakika kumi.*

Namba hiyo ilikuwa ya simu ya ukutani jikoni kwa mama yake, Mtaa wa Tamarack. Marlys aliisajili mwaka 2006, kiwanda kiliposimama kwa wiki sita. Wakati huo alikuwa ametoka kuachana na mumewe, anaishi kwa mama, na hana simu ya mkononi. Mama yake, Leona, alifariki mwaka 2010. Nyumba ilibomolewa miaka minne baadaye ili pajengwe duka la dawa, na duka la dawa halikujengwa. Palikuwa na nyasi tu.

Marlys akatoka nje, akaketi ndani ya gari, akapigia idara ya jimbo. Alisikiliza kinanda cha kusubirishia wapigaji kwa saa mbili na robo. Aliyepokea alisema anaitwa Janelle.

"Nataka kubadilisha namba ya simu," Marlys akasema.

"Hakuna shida, mama. Tutakutumia tarakimu sita kwenye namba ya zamani, ukitusomea tunabadilisha."

"Namba ya zamani haipo. Nyumba yenyewe haipo."

"Hapa naona ipo. Simu imepokelewa mara kumi na nne."

"Imepokelewa na nani?"

"Hilo halionekani. Naona tu kwamba aliyepokea huwa anakata baada ya sekunde sita hivi."

"Mwenye simu hiyo amekufa, dada yangu. Nilimzika mwenyewe."

"Pole sana kwa msiba," Janelle akasema, na sauti yake ilionyesha kwamba pole hiyo ilitoka moyoni. Akabofya kitu. "Lakini sina mahali pa kuandika hilo. Nina 'inapokelewa' na nina 'haipokelewi'. Hii inapokelewa."

Kesho yake Marlys akaendesha gari hadi Tamarack. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza chake, alikuwa ameketi Dwight Tolliver, aliyewahi kuendesha gari la kunyanyulia mizigo pale kiwandani na ambaye sasa, kama wenzake mia mbili na kumi, hakuendesha kitu.

"Umekuja kupokea simu yako?" Dwight akauliza.

"Umeisikia?"

"Inalia kila siku tangu mwezi uliopita. Hapo, karibu na ule mbaruti mrefu wenye miba."

"Na hukuniambia, Dwight?"

"Simu si yangu. Nilidhani utapokea."

Marlys akasimama katikati ya nyasi, akafungua akaunti kwenye simu yake ya mkononi, akaingiza neno la siri. Hazikupita sekunde tano, simu ikaanza kulia hewani, kimo cha bega, mahali ulipokuwa ukuta wa jikoni. Ililia mara mbili. Kisha pakanuka kitunguu kinachokaangwa, na sauti ya Leona Jedlicka ikasema:

"Kwa Jedlicka. Nani mwenzangu?"

Sauti nyingine, ya kike na ya kurekodiwa, ikasikika kwa mbali. "Hujambo. Kama umeomba tarakimu za kuthibitisha, bonyeza moja."

"Sijaomba kitu," Leona akasema, akakata.

"Mama," Marlys akasema.

"Marlys? Toka hapo, umesimama juu ya jiko."

Marlys akasogea hatua mbili upande wa kushoto.

"Hao watu wamenichosha," Leona akaendelea. "Kila siku wanapiga. Jana nimewaambia, zulia ninalo, dirisha ninalo, na Biblia ninazo tatu. Mbona umekonda?"

"Mama, wakipiga tena, bonyeza moja. Watakusomea namba sita. Nisomee na mimi."

"Namba za nini?"

Marlys hakuthubutu kutaja mafao. Leona alikuwa ameshona viti katika kiwanda kilekile miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1982, walipopunguzwa kazi nusu yao, alifua mashuka ya hoteli badala ya kusimama kwenye foleni ya serikali, na alilisimulia jambo hilo kila Krismasi, kabla ya nyama kukatwa. Mwaka 2006 Marlys alimwambia yuko likizo.

"Za kazini," Marlys akasema. "Ni mambo ya kazini tu."

"Basi wakupigie kazini," Leona akasema. Simu ikalia tena, akaipokea, akawaambia hivyohivyo, akakata. Mara ya tatu akawauliza kama mama zao wanajua kazi wanayofanya. Baada ya mara ya tatu akaunti ikafungwa kwa saa ishirini na nne, kwa usalama wa Marlys.

Mambo yakaenda hivyo kwa wiki nne. Kila siku saa tisa Marlys alikuja, Dwight akavuka barabara na viti viwili vya kukunja na chupa ya kahawa, simu ikalia mara tatu, Leona akakata mara tatu. Watu wa mtaani walipopita na mbwa wao walisalimia pande zote mbili. Mwenye mbwa mweupe aliacha kupitia katikati ya kiwanja, kwa sababu Leona alimwambia asipitishe mnyama jikoni.

Siku nyingine Leona aliuliza mambo mengine.

"Huyo mwanaume ana mke?"

"Nilikuwa naye, mama," Dwight akajibu mwenyewe. "Alihamia kwa dada yake, kusini."

"Kwa nini?"

"Alisema siongei."

"Mbona unaongea vizuri tu. Marlys, mwongezee kahawa."

Dawa za shinikizo la damu Marlys alianza kuzikata nusu kwa kisu cha siagi. Hita aliiwasha asubuhi tu. Mwenye nyumba wake, mzee mpole, alimwambia hana haraka na kodi, akamwambia hivyo mara tatu katika juma moja, na Marlys akaelewa. Alikuwa ameomba kazi ishirini na mbili. Moja ilikuwa ya kupanga maboga dukani, na hiyo ilimjibu kwamba maboga yamekwisha.

Jumatatu moja ya katikati ya Novemba alikuja Tamarack amevaa koti la baridi alilolishona mbele, maana zipu ilikuwa imekufa. Hakutoa simu mfukoni. Alisimama mbele ya mbaruti.

"Mama, kiwanda kimefungwa."

Harufu ya kitunguu ikabaki palepale.

"Sina kazi tangu Septemba. Hizo namba ni za mafao. Na mwaka ule wa 2006 sikuwa likizo. Nilichukua pesa za serikali wiki sita, nikakudanganya, na ndiyo maana namba yako iko kwao."

Dwight alitazama kahawa yake.

"Nilijua," Leona akasema.

"Ulijua?"

"Mtu wa likizo hapaki rangi banda la kuku mara mbili. Na ulikuwa unalia bafuni na bomba umelifungulia, maji ya bure hayo?"

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa na uongo wako mzuri, umeupangapanga vizuri. Ningekuvunjia ya nini?" Kisha akauliza, "Sasa viti nani anashona?"

"Sijui. Wanashona mbali."

"Wanajua kukunja ile pembe ya nyuma?"

"Hawajui, Mama. Nimeviona. Wanaipiga stepla."

Leona akatoa sauti ambayo Marlys hakuwahi kuisikia hata siku baba yake alipozikwa. Kisha akasema, "Mimi yale mashuka ya hoteli niliyachukia, Marlys. Kila shuka. Nilikuwa najisifu kwa sababu mgongo ulikuwa unauma na sikuwa na kingine cha kuufanyia. Haya, waambie wapige. Nimevaa miwani."

Marlys akatoa simu yake, akaingiza neno la siri, na simu ya jikoni ikalia. Leona akabonyeza moja, akaandika alichosomewa. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma majina ya marehemu kanisani: "Nne. Tisa. Tisa. Mbili. Sifuri. Saba." Marlys akaingiza. Akaunti ikafunguka. Dwight akapiga makofi mara mbili, akaona haya, akaacha.

Ndani ya akaunti mlikuwa na barua tano. Ya kwanza ilisema dai lake limepokelewa. Ya pili, ya tatu na ya nne zilimkumbusha kwamba kila Jumapili anapaswa kuingia kwenye akaunti na kuthibitisha kwamba bado hana kazi. Ya tano, ya siku hiyohiyo, ilisema kwamba kwa kuwa hakuthibitisha kwa wiki nane mfululizo, dai limefungwa.

"Wiki nane nilikuwa hapa nahangaika kuingia," Marlys akamwambia Janelle siku iliyofuata, baada ya saa tatu za kinanda.

"Naelewa, mama. Ungeingia utuambie kwamba huwezi kuingia."

"Ningeingiaje?"

Janelle akabofya hapa na pale. Alikuwa mtu mwema. Nyuma yake zilisikika sauti nyingi za watu wema. "Unaweza kukata rufaa," akasema mwishowe. "Unakata ndani ya akaunti, na kila wiki uendelee kuthibitisha huku ukingoja jibu. Kila ukiingia utahitaji tarakimu mpya."

Basi Leona akafanya kazi hiyo. Siku zote zilizobaki za Novemba alipokea simu, akavaa miwani, akasoma. Alikuwa hodari kuliko vijana wa idara. Alijifunza kungoja sauti ile imalize, akaanza kuijibu vizuri, na siku moja akaiuliza kama imekula. Marlys akaandika rufaa yake kwenye kisanduku kisichopokea zaidi ya herufi mia tano. Alitaja nyumba, nyasi, mama na mwaka wa kifo, na bado zikabaki herufi arobaini, akazitumia kusema asante. Jibu likaja baada ya siku kumi na tisa: rufaa inashughulikiwa, usipige simu.

Theluji ya kwanza ikaanguka juu ya kiwanja. Haikuanguka mahali lilipokuwa jiko. Dwight akawa anaweka viti pale pakavu.

Wiki ya pili ya Desemba simu ikalia bila Marlys kuomba tarakimu. Leona akapokea, na wote watatu wakasikia ile sauti ya kike ikisema kwamba idara inathamini maoni ya wateja wake, na ina swali moja tu, la nusu dakika.

"Uliza, mwanangu," Leona akasema.

"Je, tatizo lako limetatuliwa? Kama limetatuliwa kabisa, bonyeza moja. Kama limetatuliwa kwa kiasi, bonyeza mbili."

Leona akangoja. "Na kama halijatatuliwa?"

"Samahani, sijakuelewa. Kama limetatuliwa kabisa, bonyeza moja. Kama limetatuliwa kwa kiasi, bonyeza mbili."

"Mama, bonyeza mbili, yaishe," Marlys akasema. "Ni mashine."

"Kwa kiasi gani?"

"Kiasi chochote tu."

"Mtoto wangu anakata vidonge kwa kisu cha siagi," Leona akaiambia mashine. "Hapana yenu mmeiweka wapi?"

Marlys hakuwa amemwambia habari za vidonge. Alimtazama Dwight, na Dwight akatazama ng'ambo ya barabara.

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali subiri, mhudumu atakuhudumia. Mbele yako kuna wateja elfu nne na mia moja na kumi na wawili."

Kinanda kikaanza kupiga juu ya nyasi, kimo cha bega.

"Kata, Mama. Nahitaji tarakimu. Leo siku ya mwisho ya kuthibitisha wiki hii."

"Sikati. Nikikata wataandika limetatuliwa."

"Wataandika chochote watakacho."

"Waandike nikiwa nawasikia. Mimi nina haraka gani, Marlys? Kaa chini, unaniziba mwanga."

Marlys akaingiza neno la siri hata hivyo. Simu yake ya mkononi ikaandika kwamba namba inayoishia na 41 inatumika kwa sasa, ajaribu tena baadaye. Akajaribu tena. Ikaandika vilevile. Alifikiria kumgombeza mama yake, akapanga na maneno, lakini miaka yote aliyoishi hakuwahi kumwona Leona Jedlicka akingoja jambo lolote kwa ajili ya mtu, wala akidai chochote kwa sauti, na akakuta maneno aliyoyapanga hayana pa kwenda.

Mwezi Januari foleni ilikuwa imefika elfu tatu na mia tisa. Wiki za Januari nazo hazikuthibitishwa, na barua za kusema hivyo zilikuwa zikimngoja ndani ya akaunti asiyoweza kuifungua. Marlys alipata kazi ya asubuhi mbili kwa juma, kupunguza urefu wa suruali kwenye duka la kufulia nguo. Siku nyingine, saa tisa, alikuwa Tamarack. Leona alikuwa amekwishajua wimbo wote wa kinanda na alikuwa anaufuatisha kwa kuguna, na kila baada ya muda sauti ilimshukuru kwa uvumilivu wake, naye akaiitikia.

"Wamefika wangapi?" Marlys akauliza.

"Nyamaza," Leona akasema. "Nadhani wanapokea."

Hawakupokea. Kinanda kikaanza upya.